Kiti cha Pili Mnarani

Mama mkwe alijua kuna jambo aliposikia geti likigongwa mchana, kwa sababu mke wa mwanawe wa kwanza hakuwa mtu wa kurudi nyumbani jua likiwa utosini. Alikuwa amempakata mjukuu, ambaye homa ilianza kumwachia, akauliza kulikoni. Mkazamwana akajibu kwamba kazi imeisha mapema. Lilikuwa jibu la ovyo, maana kazi yake haiishi mapema wala haichelewi. Inakwenda kwa zamu, na zamu haina huruma. Kisha akajitupa kwenye kochi na viatu vyake miguuni, kitu ambacho huwakataza wengine wote humo ndani, akamwomba mtoto. Mama mkwe akampa, akaenda kuchemsha chai bila kuuliza zaidi. Alikuwa amekula chumvi nyingi, akajua maneno yatakuja yenyewe.

Kazini walimwita Dada Mkubwa, kwa kuwa nusu ya waongoza ndege wa pale wamepita mikononi mwake. Miongoni mwao ni mdogo wa mume wake, kijana ambaye mama yao hadi leo humwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi. Dada Mkubwa ndiye aliyemtafutia Kitinda nafasi ya mafunzo, akamsomesha usiku mezani pale sebuleni, akamfokea, akamsifu. Wanaitana shemeji, kama ilivyo ada, lakini ukiwaona pamoja utadhani ni dada na ndugu yake wa tumbo moja.

Uwanja wao wa ndege una njia mbili za kurukia, ndefu na fupi, nazo zinakatana katikati kama makasi. Waliozijenga walikuwa na sababu zao. Ardhi ilikuwa finyu na upepo wa huko ni kigeugeu. Walichosahau ni kujiuliza nani atakaa juu kuziangalia wao wakishakata utepe na kwenda zao. Pale zinapokatana waongoza ndege hupaita msalaba. Kila njia ina kiti chake mnarani na mtu wake, na kabla hujairuhusu ndege yako iruke au itue, sharti umuulize mwenzako kwa sauti, "Msalaba?" Naye hatakiwi kujibu kwa mazoea. Anainua macho, anatazama nje dirishani, ndipo anajibu, "Mweupe," au anasema, "Ngoja."

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ila watu wamepungua. Mmoja yuko likizo ya uzazi, wengine wamekimbilia nchi zenye mishahara ya maana, na walioahidiwa kuletwa bado wanaletwa. Basi ikazuka desturi ya kubebeana: mmoja anashika njia zote mbili ili mwenzake ale, aende msalani au afumbe macho kidogo. Mkuu wa mnara anajua, anajitia hamnazo. Na anayeshika zote mbili hujiuliza mwenyewe, kisha hujijibu mwenyewe, "Msalaba? Mweupe," kwa pumzi moja. Ukilifanya hilo siku nyingi, ulimi unajifunza kwenda peke yake.

Usiku wa kuamkia siku ile aliyorudi mchana, mtoto alikuwa anaungua kwa homa, na Dada Mkubwa alikuwa na zamu. Akamwomba Kitinda amshikie. Kitinda akashika, bila kuandikwa popote, na kulipokucha akaunganisha na zamu yake mwenyewe, pamoja na Dada Mkubwa aliyekuwa na zamu ya mchana pia, kwa uhaba wa watu. Ilipofika saa ya joto kali kichwa chake kilikuwa kinaanguka kifuani. Dada Mkubwa akamwambia aende chumba cha nyuma akajinyooshe, atashika zote mbili. Kitinda akakataa mara ya kwanza, kwa heshima, halafu akaenda.

Dada Mkubwa aliiruhusu ndege kubwa ya abiria itue kwenye njia ndefu. Muda si muda rubani wa ndege ndogo ya mizigo, huko kwenye njia fupi, akaomba kuruka. Dada Mkubwa alikuwa ameinamia mezani akiandika mwelekeo wa upepo. Akasema, "Msalaba? Mweupe," akaipa ruhusa. Alipoinua kichwa aliziona zote mbili zinakimbilia mahali pamoja.

Sauti yake haikutetemeka. Alimwambia yule wa mizigo asimame, akalirudia neno hilo, na rubani akakanyaga breki mpaka matairi yakatoa moshi. Ndege kubwa ikapita mbele ya pua yake. Ndani yake abiria walikuwa wanajiandaa kushusha mizigo, wengine wameshawasha simu kinyume cha maagizo, na hakuna aliyejua kwamba amebakizwa duniani kwa urefu wa uwanja mdogo wa mpira. Dada Mkubwa alizimaliza ndege zilizokuwa angani moja baada ya nyingine, akamwita Kitinda, akamwachia kiti, akashuka ngazi.

*

Jioni walikaa kikao. Fundi, mume wake, alikuwa amerudi na harufu ya gesi ya friji kwenye nguo, na hakuoga kwanza. Kitinda alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Dada Mkubwa akaeleza yote, hata ile sehemu ya kujijibu mwenyewe, na akasema wamemsimamisha mpaka wachunguzi wa makao makuu wafike. Leseni yake ndiyo iliyo mezani. Bila leseni hawezi kuongoza hata mkokoteni, na kazi nyingine haijui. Ameingia mnarani akiwa msichana.

Fundi aliuliza kinachosikika kwenye kanda ya kurekodi mnarani. Akaambiwa kanda inanasa redio tu, mazungumzo ya chumbani hayanaswi. Kwa hiyo wachunguzi wanajua nani aliyeipa ndege ruhusa, ila hawajui nani alikuwa kwenye kiti cha pili. Fundi akapiga hesabu zake. Ni mtu mwema, lakini mtu mwema mwenye kodi ya nyumba, mama mzazi na mtoto mgonjwa huwa anawaza kwa njia nyembamba. Kuacha kiti ukiwa zamu ni kosa la kufukuzwa palepale, halina mjadala. Wakijua Kitinda alikuwa amelala, unga wake umemwagika, na wa Dada Mkubwa huenda ukamwagika pia.

Mama mkwe ndiye aliyemwambia mkazamwana waziwazi. "Mwanangu, useme tu alikuwa kwenye kiti chake. Alikuwa kimya, hakuona. Basi. Kwa nini mzame wote wawili?"

"Mama, akiwa kitini atakuwa ndiye aliyenijibu."

"Ulimuuliza?"

"Nilijiuliza mimi."

"Sasa si useme hukumuuliza? Mbona mnapenda kujitafutia makubwa?"

Dada Mkubwa alitaka kueleza kwamba kutomuuliza aliye pembeni yako ni kosa baya zaidi kuliko yote, akaona hana nguvu. Alimtazama Kitinda. Kijana alikuwa ametazama sakafu tangu kikao kianze, na alipoulizwa na kaka yake ana maoni gani alisema hana, kila mtu afanye roho yake itakavyomtuma. Fundi alikasirika, akamwambia hiyo si kauli ya mtu mzima. Kitinda akaomba radhi, akaaga. Dada Mkubwa alimsindikiza hadi getini. Alimwambia akapumzike, naye akamuuliza kama mtoto amekula.

*

Siku ya mahojiano Dada Mkubwa alivaa sare, halafu akaivua, akavaa gauni la kwenda kwenye sherehe za watu, halafu akalivua hilo nalo. Mwishowe alikwenda na nguo ya kawaida. Getini askari ambaye miaka yote humpigia saluti za utani alimwomba kitambulisho, akamwomba radhi, akamwambia pasi yake imefungwa. Ilibidi aandikwe kama mgeni na kubandikwa kijikaratasi kifuani. Askari alikibandika kwa aibu, bila kumtazama usoni.

Mkuu wa mnara alimkuta kwenye benchi la ukumbini. Vijana walimpa jina la Bwana Inategemea, kwa kuwa ukimwomba likizo inategemea, ukimwomba watu wa ziada inategemea, hata ukimsalimu habari za asubuhi hujui kama atakuambia ni nzuri. Alimpa mkono ulio baridi na kumuuliza hali ya mtoto. Halafu akainama, akamnong'oneza kwamba mambo yanaweza kuwa mepesi kuliko anavyodhani, asikilize vizuri atakachoulizwa. Hakufafanua.

Wachunguzi walikuwa wawili, mwanamke mwenye miwani na mwanamume mwenye mafua. Mwanamke ndiye aliyeongoza. Hakuwa mkali, alikuwa na sura ya mtu ambaye amekwishasoma majalada mengi yanayofanana.

"Shemeji yako tulianza naye asubuhi," alisema. "Anasema alikuwa kitini. Ulimuuliza msalaba, akakujibu mweupe bila kutazama. Ameomba hilo liandikwe hivyo, na ametia sahihi."

Hapo Dada Mkubwa akaelewa. Kumbe ukimya wote ule wa kigodani ulikuwa huu. Alimkumbuka akiuliza kama mtoto amekula.

"Ukithibitisha, wewe ulifuata utaratibu," mwanamke aliendelea. "Leseni yako unaondoka nayo leo."

Ilikuwa pale, kwenye bahasha ya kaki karibu na mkono wa yule mwenye mafua. Ni uongo kusema hakuitamani. Aliitamani kwa roho yake yote, akaziona kodi na dawa na ada, akaona na sura ya mumewe ikilainika. Aliwaza kwamba Kitinda ni kijana bado, hana mke wala mtoto, ataanza upya. Wazo hilo lilikaa naye kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye.

"Sithibitishi," alisema. "Alikuwa amelala chumba cha nyuma. Nilimpeleka mimi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa amefanya zamu yangu usiku kucha. Nilimwomba. Mwanangu alikuwa mgonjwa."

"Nani alikujibu, basi?"

"Hakuna. Nilijiuliza, nikajijibu."

Mwenye mafua aliinua kichwa kutoka kwenye leso yake. Aliuliza, si kwa kejeli, mtu anawezaje kujijibu swali lake mwenyewe.

"Kama hakuna mwingine wa kulijibu," alisema Dada Mkubwa, "utafanyaje? Na si mimi tu. Mnara mzima tunajijibu."

Mwanamke alivua miwani, akasugua macho. Alisema kwamba basi mmoja wao amedanganya kwa maandishi, na hajawahi kuona watu wanaogombania kosa namna hii. Kwa kawaida hulikimbia. Halafu akavaa miwani na kuendelea na kazi yake. Leseni ingebaki kwao mpaka uamuzi utoke. Kwa kuwa amesema kweli, alimwambia, anaweza kuwa na matumaini. Ila sharti moja: asikanyage mnarani. "Ukionekana humo kabla ya uamuzi, hata mimi sitaweza kukusaidia. Leseni hiyo uisahau."

*

Kitinda hakufukuzwa. Alipewa onyo kali la maandishi, akasomewa maneno mazito, na keshoye akaitwa kazini alfajiri, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Kwenye kiti cha Dada Mkubwa hakukaa mtu. Bwana Inategemea alipoulizwa lini ataletwa mtu wa pili, alijibu kama kawaida yake.

Nyumbani mama mkwe alimpa mkazamwana kisogo. Hakumtukana, hakumnyima chakula, lakini aliongea naye kupitia mtoto: mwambie mama yako maji yamechemka, mwambie mama yako amelala sana leo. Alichojua yeye ni kwamba mtoto wake wa mwisho ameitwa mlalaji mbele ya wakubwa, na aliyemwita hivyo ni mtu aliyekula naye sahani moja. Dada Mkubwa angeweza kumwambia ni uongo gani Kitinda alitaka kujibebesha. Hakumwambia. Aliona hiyo ni siri ya Kitinda, aitoe mwenyewe akitaka. Fundi alikuwa akirudi usiku na kusinzia kabla ya chakula, amechukua kazi za watu wawili, na walipogusana kitandani ilikuwa kwa bahati mbaya.

Kitinda alianza kupita jioni. Alisema amekuja kumwona mtoto, akakaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Jioni moja alimfuata Dada Mkubwa uani, alikokuwa akianua nguo, akamsaidia kukunja shuka, kila mmoja ameshika ncha zake.

"Shemeji, leo nimejijibu," alisema.

Dada Mkubwa alisimama na shuka mkononi.

"Hazikukaribiana kama zile zako. Niliona mapema, nikamzungusha mmoja hewani, nikamwambia ni sababu ya ndege wa porini. Hakuna aliyejua." Alicheka kidogo, kicheko kilichokauka. "Nimekaa pale nafikiria, siku zote wewe ulikuwa unaniambia nitazame. Na mimi najua kutazama. Ila nikifika mchana sioni kitu, shemeji. Macho yako wazi na sioni kitu."

Dada Mkubwa alimwambia aombe mapumziko. Kitinda akasema ameomba. Alimwambia akatae kupanda. Kitinda akasema akikataa watafunga barua ya onyo na barua ya kufukuzwa kwenye bahasha moja, na tena ndege hazitaacha kuja kwa kuwa yeye amekataa. Watamweka kitini mwanafunzi aliye bado mafunzoni. Walikunja shuka mpaka likawa dogo kupita kiasi, na ilibidi walikunjue waanze tena.

Asubuhi yake Dada Mkubwa alikwenda kwa Bwana Inategemea, ofisini kwake nje ya mnara. Aliandikwa getini, akabandikwa karatasi, akangojeshwa kwenye benchi mpaka wasafishaji wakamwomba anyanyue miguu wapige deki. Alipoingia hakuambiwa akae. Ombi lake lilikuwa dogo: maadamu mnarani kuna mtu mmoja, wafunge njia moja. Ndege zitachelewa, watu watanung'unika, basi.

Mkuu wa mnara alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Dada Mkubwa. Mtu mbaya unamchukia na kwenda kulala. Alimwambia ameandika makao makuu kuhusu jambo hilo mara kadhaa. Akafungua droo, akamwonyesha majibu, akaifunga. Walisema njia ikifungwa mashirika yatahamia uwanja mwingine, na mashirika yakihama hata huo mshahara wa mtu mmoja hautakuwepo.

"Yule kijana ataua watu," alisema Dada Mkubwa. "Na atakuwa yeye aliyeua. Hamtakuwa ninyi."

"Namwomba Mungu tufike mwisho wa mwezi," alisema mkuu. "Nimeahidiwa mtu mwisho wa mwezi."

*

Dada Mkubwa alilala bila kulala. Kulipopambazuka alivaa sare. Fundi alimwona kwenye kioo, akakaa kitandani, akamuuliza kama uamuzi umetoka. Alimwambia haujatoka. Fundi hakuwa mjinga; alielewa anakokwenda na anachokwenda kukipoteza. Baadaye alimwambia mwenzake wa karakana kwamba alitaka kumzuia ila alishindwa kupata neno ambalo lisingekuwa la kumtupa mdogo wake.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Naye aliiona sare, na kwa mara ya kwanza tangu siku zile hakuongea naye kupitia mtoto.

"Wamekurudisha?"

"Hapana, mama."

"Watakulipa?"

"Hapana."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Yuko peke yake, mama. Kitinda. Anashika zote mbili peke yake tangu siku ile. Juzi nusura yamkute yaliyonikuta."

Mama mkwe alishika ukingo wa meza. Ilimchukua muda kulipanga jambo hilo kichwani, kwa maana hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba onyo na kurudishwa kazini ni adhabu nzito kuliko kufukuzwa. Akauliza wakimkuta huko watamfanya nini. Dada Mkubwa akamwambia. Bibi huyo alimtazama mkazamwana wake, akafuta mikono kwenye kanga, akamfungia vizuri kifungo cha juu cha shati kilichokuwa kimeachwa wazi.

"Mtoto niachie," alisema.

Getini askari alimwandika mgeni wa mkuu wa mnara na hakuuliza kwa nini mgeni amevaa sare. Dada Mkubwa alipanda ngazi polepole. Juu, Kitinda alikuwa anaongea na ndege iliyokuwa inashuka na hakugeuka. Alimjua kwa hatua zake. Koti lake na chupa yake ya maji vilikuwa kwenye kiti cha pili. Bila kukata maneno na rubani, alinyoosha mkono akaviondoa, akaviweka sakafuni.

Dada Mkubwa aliketi. Hakushika redio, kwa kuwa redio ni ya mwenye leseni. Alikaa na karatasi ya ugeni kifuani na mikono mapajani, akatazama nje, na kila alipoulizwa alitazama tena ndipo akajibu. Mara mbili alisema ngoja. Kitinda alingoja. Taratibu mabega ya kijana yalianza kushuka kutoka masikioni.

Bwana Inategemea alipanda kabla ya adhuhuri. Alisimama mlangoni, akaona sare, akaona karatasi ya ugeni. Nje, ndege moja ilikuwa inakaribia kutoka upande wa milima na nyingine inasubiri kwenye njia fupi, na alizitazama zote mbili kama mtu anayezihesabu upya.

"Unajua nitalazimika kuandika," alisema.

"Najua."

"Nikiandika, ndiyo basi. Hakuna rufaa."

"Najua, mkuu."

Alitoa kalamu mfukoni, akaishika, akaangalia saa ya ukutani, kisha akairudisha kalamu mfukoni.

"Nitaandika saa nane, zamu ikiisha," alisema. "Mpaka hapo usiondoke kwenye hicho kiti."